Kura Ina Wenyewe: Ilani ya Kuanzisha Harakati ya Kulinda Hesabu

Sisi ni nani

Sisi ni wapiga kura wa Kenya. Miongoni mwetu wamo walimu waliowahi kuwa makarani wa uchaguzi, mawakala wa vyama waliokesha vituoni bila hata chai, wavuvi, mama mboga, wanabodaboda, mawakili, wanafunzi wa vyuo na mafundi wa kompyuta. Tunatoka katika kaunti zinazofuata mirengo tofauti ya siasa, na mikutanoni mwetu hatuulizani nani alimpigia nani. Tumekutanishwa na dai moja: hesabu ya kura ya kila kituo nchini ijulikane, ihifadhiwe na itetewe na watu waliopiga kura pale pale, kabla haijasifiwa au kulaumiwa na yeyote kutoka mbali.

Tuna tarehe mbele yetu. Jumanne, Agosti 10, 2027, Wakenya watarudi debeni kumchagua rais, magavana, maseneta, wabunge, wawakilishi wa kike na wawakilishi wadi. Tunaandika mapema kwa sababu kazi tunayokusudia haiwezi kuanzwa wiki mbili kabla ya uchaguzi, wakati ujumbe wa waangalizi unawasili uwanja wa ndege na hoteli za Nairobi zimejaa.

Tunaandika pia kwa sababu mkono uliokuwa ukibeba sehemu ya kazi hii umeondolewa. Julai 1, 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi. Kwa miaka mingi fedha zake, pamoja na za Ulaya, zililipia elimu ya uraia, mafunzo ya waangalizi wa humu nchini na ushauri wa kitaalamu kwa tume ya uchaguzi. Wapo waliolia kwamba demokrasia yetu imebaki yatima. Wapo walioshangilia kwamba mabeberu wametoka na waende zao. Sisi hatumo katika kundi la kwanza wala la pili. Tunasema hivi: demokrasia inayoweza kuyumba kwa saini iliyotiwa Washington ilikuwa na kasoro hata kabla ya saini hiyo, na kasoro hiyo ni juu yetu kuirekebisha.

Tulikotoka

Desemba 27, 2007 tulipanga foleni na kupiga kura kwa amani. Desemba 30 matokeo yakatangazwa na rais akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume ya wakati huo, Samuel Kivuitu, akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama aliyemtangaza alishinda kweli. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakatimuliwa makwao.

Wakati huo tulisaidiwa, na hatutasahau. Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikaa na viongozi wetu mpaka mkataba ukatiwa saini Februari 28, 2008. Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini akaongoza uchunguzi uliosema bila kuficha kwamba uchaguzi ulivurugwa kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi. Tume ile ikavunjwa, na Agosti 27, 2010 tukapata Katiba mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na hakika tulipona. Lakini tiba ile ilitukuta tumekwisha kuzika.

Kutokana na jeraha lile tukaamini kwamba dawa ni mitambo. Mashine za kusajili wapiga kura kwa alama za vidole zilinunuliwa kwa mkopo uliopitia Kanada. Siku ya Machi 4, 2013 ilipofika, mitambo ya kutambua wapiga kura ilizimika katika vituo vingi. Kwingine betri ziliisha katika madarasa yasiyo na umeme. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukakwama, na wasimamizi wakalazimika kusafiri na fomu zao hadi Bomas of Kenya, Nairobi, kujumlisha kura. Mwezi mmoja kabla ya hapo, afisa wa Marekani wa masuala ya Afrika, Johnnie Carson, alikuwa ametuonya kwamba chaguo letu litakuwa na athari zake. Onyo hilo halikumbadilisha mpiga kura. Liligeuka kuwa silaha ya kampeni kwa wagombea ambao lilikusudiwa kuwazuia.

Kisha tukajifunza kwamba hata anayetuuzia karatasi si malaika. Desemba 2014, mahakama ya London iliipata kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, na wakurugenzi wake wawili na hatia ya kuwahonga maafisa wa Kenya na Mauritania ili wapate kandarasi, zikiwemo za karatasi za kura. Katika mawasiliano yao hongo iliitwa kuku. Kule Uingereza mkurugenzi mmoja alifungwa jela. Huku kwetu jina la kuku lilibaki kuwa mzaha wa mitandaoni, na wananchi hawakuona uwajibikaji wa kiwango hicho.

Mwaka 2017 ndio uliotufunza zaidi. Siku chache kabla ya Agosti 8, Christopher Msando, meneja wa teknolojia wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, aliteswa na kuuawa. Uchaguzi ukaendelea. Agosti 10 wakuu wa ujumbe wa waangalizi, wakiwemo John Kerry na Aminata Touré wa Kituo cha Carter, Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Jumuiya ya Madola na Marietje Schaake wa Umoja wa Ulaya, walitoa taarifa za awali. Taarifa hizo zilikiri kwamba kazi ya kujumlisha haijaisha. Kilichobebwa na vyombo vya habari duniani, hata hivyo, ni sifa, na ushauri kwa walioshindwa waende mahakamani badala ya barabarani. Kesho yake matokeo yakatangazwa huku maelfu ya fomu za vituo zikiwa bado hazijawekwa wazi.

Walioshindwa walikwenda mahakamani kweli. Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi wa rais, mara ya kwanza barani Afrika. Walisema utaratibu wa kutuma na kujumlisha matokeo haukufuata Katiba na hauwezi kuhakikiwa. Mahakama ilikuwa imeamuru seva za Tume zifunguliwe. Tume haikutii kikamilifu. Rais akawaita majaji wakora hadharani. Oktoba 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu akapigwa risasi, na kesho yake, kesi ya kusimamisha uchaguzi wa marudio ilipotajwa, majaji wawili tu walifika. Uchaguzi wa Oktoba 26 ulifanyika chini ya wingu hilo, na wapiga kura waliojitokeza hawakufika asilimia 40.

Tukifika 2022, jambo moja lilibadilika na likatuokoa. Tume iliweka picha za fomu za urais za vituo 46,229 kwenye tovuti ya wazi. Vijana wakazipakua na kuzijumlisha wenyewe vyumbani mwao. Agosti 15 makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, nchi ilishtuka, lakini haikuingia gizani, kwa sababu fomu zilikuwa mikononi mwa watu. Mahakama ya Juu ikazichunguza na Septemba 5 ikatoa uamuzi kwa kauli moja. Hata wananchi ambao hawakupendezwa na uamuzi ule walikuwa na kitu cha kusoma. Hata hivyo hatujivunii kila kitu cha mwaka huo: Daniel Musyoka, msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki, alitoweka akiwa kazini na mwili wake ukapatikana Kajiado.

Kinachotokea darasani usiku

Tunaomba kila anayesoma ilani hii aingie nasi kwenye darasa la shule ya msingi saa tatu usiku wa siku ya kura. Kituo kimefungwa, na waliokuwa kwenye foleni saa kumi na moja jioni wamekwisha kupiga kura. Madawati yamesogezwa ukutani. Afisa msimamizi anavunja lakiri za sanduku mbele ya mawakala, anamwaga karatasi mezani, kisha anainua moja moja, anaionyesha pande zote na kutaja jina la aliyepigiwa. Mawakala wanachora vijistari daftarini, vitano vitano. Karatasi yenye alama mbili inazua ubishi. Wanaisogeza kwenye taa, wanakubaliana imeharibika, inawekwa kando na kuandikwa.

Kisha inajazwa Fomu 34A. Ina jina na nambari ya kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, kura halali na kura za kila mgombea. Chini kuna nafasi ya mawakala kuandika majina na kutia saini, au kueleza kwa nini wanakataa. Afisa anaipiga picha kwa Kiems, mtambo wa Tume wa kutuma matokeo, na kuituma. Mawakala wanapewa nakala. Na nakala moja inabandikwa mahali pa wazi kituoni.

Nakala hiyo ya ukutani ndiyo kiini cha harakati yetu. Haihitaji nywila wala seva ya ng'ambo. Bibi asiye na simu anaweza kuisoma asubuhi akienda shambani. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wenyeji wanajua kama watu waliojitokeza wanalingana na nambari iliyoandikwa. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, salama, wa wazi na unaoweza kuhakikiwa, na kinataka matokeo yatangazwe papo hapo kituoni. Juni 23, 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na hakuna mkubwa Nairobi mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Sheria basi ipo upande wetu. Waliokosekana ni watu wa kusimama mbele ya ule ukuta.

Tulichoona kwa wenzetu

Malawi ilipiga kura Mei 2019. Fomu nyingi za matokeo zilirudi zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Wananchi waliandamana kwa miezi, na Februari 3, 2020 mahakama ikabatilisha uchaguzi. Marudio yalifanyika Juni 23, 2020, wakati wa janga la korona, waangalizi wa ng'ambo wakiwa karibu hawapo kabisa. Lazarus Chakwera, aliyekuwa upinzani, akashinda na kuapishwa. Mashahidi walikuwa Wamalawi wenyewe, na majaji walikuwa Wamalawi wenyewe.

Kongo inatufunza upande wa pili. Desemba 2018, Kanisa Katoliki lilipeleka waangalizi wapatao 40,000. Januari 2019 maaskofu walisema matokeo ya tume hayalingani na yale waliyoyakusanya. Viongozi wa Umoja wa Afrika wakaomba matokeo ya mwisho yasitishwe kwanza. Mahakama ya Katiba ya Kongo ikayathibitisha siku chache baadaye, na dunia ikapeana mikono na kusonga mbele. Ushahidi wa wananchi ulikuwepo. Uliokosekana ni ujasiri wa taasisi kuupokea. Kwa hiyo hatudanganyi mtu kwamba kulinda fomu kunatosha. Fomu bila mahakama huru ni karatasi tu.

Indonesia inatupa moyo. Mwaka 2014 tume yao iliweka mtandaoni picha za fomu za vituo karibu laki tano. Raia wa kawaida wapatao 700, waliojitolea bila malipo, wakazisoma na kuzijumlisha kwa muda wa siku chache. Jumla yao ikalingana na ya tume, na mgombea aliyedai kuibiwa akakosa pa kushika.

Na jirani zetu wametupa onyo. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania Oktoba 2025. Mpango wowote unaotegemea mtandao pekee umekwisha kufa kabla ya kuanza. Wetu utatembea kwa miguu, kwa karatasi na kwa kalamu, na mtandao utakapokuwepo utatuongezea kasi.

Tunachoamini

Kwanza, kura ni mali ya aliyeipiga, na haki ya kujua imehesabiwaje haiishii pale anapochovya kidole kwenye wino.

Pili, mgeni anafaa kuwa shahidi na hafai kuwa hakimu. Anaona vituo vichache kwa siku chache, kisha anaondoka. Sisi tunabaki na matokeo, na majirani, na makaburi. Neno lake la haraka linaweza kuwaziba midomo wenye malalamiko ya haki, kama lilivyofanya Agosti 2017, na linaweza kumpa mwizi cheti.

Tatu, mamlaka ya nchi hayakuwekwa ili kuwaficha watawala. Anayefukuza waangalizi akilia ukoloni, huku akizuia raia wake kusoma fomu mlangoni mwa darasa, halindi uhuru wa taifa. Anajilinda yeye. Serikali ya kweli ya wananchi haiogopi jicho la mgeni wala la mwenyeji.

Nne, mitambo ni watumishi. Mtambo unaosaidia karatasi kufika haraka tunaukaribisha. Unaochukua nafasi ya karatasi, na ambao funguo zake ziko kwa mwenye zabuni, hatuutaki, uwe umetoka Ulaya, Asia au Nairobi.

Tano, uchaguzi hauokolewi siku ya uchaguzi. Januari 2023 makamishna waliobaki walimaliza muda wao, na Tume ikakaa bila makamishna hadi Julai 2025. Wakazi wa Banissa, Kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023 na hawakupata nafasi ya kumchagua mwingine mpaka Novemba 2025. Hakuna mfadhili aliyesababisha hilo. Ni wanasiasa wetu walioviziana, na ni sisi tulionyamaza.

Tunachodai

*Kwa Bunge na Serikali:* nafasi ya kamishna ijazwe ndani ya muda uliowekwa na sheria, na kuchelewesha kuwe na adhabu. Fedha za uchaguzi zitoke Hazina ya Taifa kwa wakati, ili Tume isifanye ununuzi wa pupa miezi michache kabla ya kura, kwa maana pupa ndiyo kichaka cha hongo. Intaneti isizimwe. Wauaji wa Christopher Msando na Daniel Musyoka wafikishwe mbele ya sheria. Taifa lisiloweza kulinda roho ya afisa wa uchaguzi lisijidai kulinda kura.

*Kwa Tume:* fomu za viti vyote sita ziwekwe wazi, si za urais pekee, na hilo liandikwe katika sheria lisibaki kuwa hisani ya makamishna wa wakati huo. Kandarasi zote za mitambo, seva na karatasi za kura zichapishwe pamoja na majina ya wamiliki wa kampuni. Wataalamu wa vyama na raia waonyeshwe mfumo wa kutuma matokeo ukijaribiwa mapema. Na kila msimamizi ajue kwamba kutobandika fomu ni kosa, na ataulizwa.

*Kwa Mahakama:* Katiba inampa mlalamishi siku 7 kufungua kesi ya urais na inawapa majaji siku 14 kuiamua. Kwa muda mfupi hivyo, amri ya kufungua seva isipotiiwa siku hiyo hiyo ni sawa na haki iliyonyimwa. Tunataka anayepuuza amri ya Mahakama ya Juu aone gharama yake kabla hukumu haijasomwa.

*Kwa vyama:* walipeni na kuwafunza mawakala wenu, na wapelekeni hata katika ngome za wapinzani, ambako mara nyingi hamna mtu. Chama kisichokuwa na wakala kituoni hakijaibiwa tu. Kimeacha mlango wazi.

*Kwa wageni:* tunawaambia marafiki wa Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Mataifa, karibuni. Njooni mapema, wakati sajili inakaguliwa na zabuni zinatolewa, na mbaki hadi kesi ya mwisho iishe. Msitoe sifa kabla fomu hazijaonekana. Fuateni kanuni za uangalizi wa kimataifa zilizozinduliwa Oktoba 27, 2005 mjini New York, ambazo wengi wenu mliziidhinisha na kuahidi usahihi, kutopendelea upande na kuwaheshimu waangalizi wa nchini. Jaji akitishwa, semeni siku hiyo hiyo. Kampuni ya kwenu ikihonga, ishtakini kwenu, kama Uingereza ilivyofanya. Na mkiwa na fedha za kusaidia, saidieni ujuzi unaobaki: mafunzo ya makarani, maktaba za mahakama, uhifadhi wa kumbukumbu za kura. Semina za hotelini zimetosha.

Tunachoahidi

Nchi ina wadi 1,450. Ukigawanya vituo 46,229 vya mwaka 2022, kila wadi inapata wastani wa vituo 32. Tunataka watu wawili kwa kila kituo, yaani watu 64 kwa wadi. Kwaya za kanisa, vikundi vya madrasa, chama cha akina mama na timu ya mpira ya wadi moja zikikutana zinapita idadi hiyo. Kazi hii inawezekana bila mfadhili yeyote, na tumeamua kuifanya.

Tunaahidi kwamba wawili hao watakuwa na misimamo tofauti ya kisiasa na watajuana kwa hilo. Watasimama nje ya kituo kwa kufuata sheria, hawatampiga picha mpiga kura yeyote, na hawatamuuliza mtu kura yake. Fomu ikishabandikwa wataipiga picha na pia wataiandika kwa mkono, kila mmoja kwenye daftari lake, kisha watatia saini kwenye daftari zote mbili. Fomu isipobandikwa wataandika saa, jina la kituo na majina ya mashahidi. Daftari litapelekwa wadini, kutoka wadini hadi eneo bunge, kwa bodaboda, matatu au miguu.

Tunaahidi kutotangaza mshindi. Kazi hiyo Katiba imeipa Tume. Sisi tutachapisha fomu zote tulizozipata, za kituo kwa kituo, pamoja na zile zinazomuumiza mgombea ambaye wengi wetu tunampenda. Hesabu yetu ikilingana na ya Tume tutaisifu Tume hadharani na kumwambia aliyeshindwa akubali. Isipolingana, tutapeleka daftari zetu mahakamani, na hatutampeleka kijana yeyote barabarani kufa kwa ajili ya nambari ambayo hatuwezi kuithibitisha.

Tunaahidi kutopokea fedha za serikali yoyote, iwe yetu au ya kigeni, kwa kazi ya hesabu. Tutajichangia kwa simu, kidogo kidogo, na kila shilingi iliyoingia na iliyotoka itabandikwa wadini kama fomu inavyobandikwa. Wakenya walio ng'ambo wanaotaka kuchangia watachangia kama raia, kwa majina yao. Kiongozi wetu yeyote atakayetaka kugombea kiti atajiuzulu kwanza.

Tunaahidi pia kutoishia kwenye kura. Kamishna anapoteuliwa tutakuwa kwenye mahojiano. Bajeti ya Tume inapopunguzwa tutauliza bungeni. Jaji anapotukanwa kwa kufanya kazi yake tutasimama naye, hata kama hukumu yake haikutupendeza.

Wito

Kwa vijana waliojaa barabarani Juni 2024 na kuthibitisha kwamba Mkenya wa kawaida anaweza kusoma mswada wa fedha ibara kwa ibara: fomu ya matokeo ni fupi kuliko mswada. Jisajilini kupiga kura, kisha mje tuwape daftari.

Kwa wazee mliopigania vyama vingi na kuonja mabomu ya machozi kabla ya 1992: njooni mtufundishe kuvumilia usiku mrefu.

Kwa walimu: madarasa yenu ndiyo vituo vyetu. Mnajua kila mlango na kila mtu wa pale. Tusaidieni kuwafunza wawili wa kila kituo kusoma fomu, kwa kutumia fomu za 2022 ambazo zilikwisha kuwekwa wazi.

Anayetaka kujiunga asisubiri ofisi, kadi wala fulana. Atafute mtu mmoja katika kituo chake asiyemwunga mkono mgombea wake, wakubaliane kwamba hesabu ya kituo chao wataisoma pamoja, na wawaite wengine wa wadi yao kwa mkutano wa kwanza. Mikutano hiyo ianze sasa. Kila uchaguzi mdogo utakaokuja kabla ya 2027 utakuwa mazoezi yetu: tutahesabu, tutakosolewa, tutarekebisha, tutarudi.

Tunataka itakapofika asubuhi ya Agosti 11, 2027, kila mwangalizi wa kigeni atakayeuliza uchaguzi wa Kenya umekwendaje apelekwe kwa raia wawili wenye daftari, katika kituo chochote atakachokichagua mwenyewe, na apewe jibu lenye saini zao. Hilo tunaliweza, na kuanzia leo ndilo tunalolifanyia kazi.